Mkwe Chini ya Lori

Giaboksi iliposhushwa kwa mara ya tatu, nilivua kitambaa cha kichwa nikakitupa kwenye karai la oili chafu. Kilikuwa kitambaa kizuri, cha kuendea ibada. Sikujali. Nilitamani kumzaba mtu kibao, na mtu mwenyewe alikuwa mkwe wangu Valentino, mume wa binti yangu Sesilia, ambaye alikuwa amelala chali chini ya lori, inaonekana miguu tu.

"Sesilia," nikasema, "mwulize huyo fundi, safari hii ni nini tena?"

Sesilia alisimama kwenye bampa, katikati yetu. Valentino alikuwa karibu nami kiasi cha kumgusa kwa fagio, na masikio yake ni mazima. Hata hivyo Sesilia aliinama akasema, "Mama anauliza safari hii ni nini tena."

"Mwambie mama bado naangalia," sauti ikajibu kutoka chini.

"Anasema bado anaangalia."

"Nimesikia!"

Inabidi nieleze, maana siku hizi naona vijana wanapiga picha wamewakumbatia mama wakwe zao na hakuna anayeshtuka. Sisi huku juu ya Magamba, ukoo wetu hasa, bado tuna ya zamani. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali meza moja, hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Wakiwa na neno la kuambiana, wanatafuta mtu wa kulibeba. Ni heshima nzuri sana kwenye harusi na kwenye misiba. Kwenye kufunga giaboksi ni balaa.

Lori lenyewe ni Bedford la jeshi, lile lenye uso bapa, injini imekaa ndani ya kabini katikati ya viti viwili. Marehemu mume wangu Fanueli alikuwa dereva wa jeshi, na alipostaafu akalinunua mnadani likiwa bado na rangi yake ya majani. Tukateremsha nalo kabichi, viazi na pea mpaka Mombo kwa miaka mingi. Masika yakiharibu barabara, malori ya wenzetu yakilala Lushoto mjini, letu lilikuwa linapanda tairi zote zikivuta. Yeye alikaa kulia na usukani. Mimi nilikaa kushoto. Nilikuwa utingo, nilikuwa mpiga bei, nilikuwa na kelele, na mlima mzima uliniita Mama Bedford.

Kisha injini ikafa, na mwaka uliofuata Fanueli naye akaondoka. Lori likabaki kando ya nyumba, kuku wakataga kwenye kiti changu. Watu wakaacha kuniita Mama Bedford. Wakaanza kuniita mjane wa Fanueli, kwa ile sauti ya kukupa pole hata siku ambayo huna shida yoyote.

Ndipo shemeji yangu Yohane, kaka mkubwa wa marehemu, aliposimama kwenye kikao cha ukoo akasema chuma kile kinaoza kwenye ardhi ya familia. Alikwisha kuongea na mnunuzi wa chuma chakavu, Jumamosi anakuja na mitungi yake ya gesi alikate vipande. Nikamwambia halikatwi. Akaniuliza kwani linatembea. Nikamwambia litatembea. Akacheka, akasema mbele ya wote, "Haya, Beatha. Jumamosi asubuhi likipanda mpaka uwanja wa kanisa kwa nguvu zake lenyewe, ni lako, hakuna atakayelisemea tena. Lisipofika, linakatwa."

Nilikuwa nimekwisha kupata injini. Ilikuwa kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa, ya Bedford kama letu, walikuwa wanaendeshea msumeno. Na fundi anayeyajua malori haya ya zamani, kuanzia hapa mpaka Korogwe, ni mmoja tu, na bahati mbaya alikuwa amemwoa binti yangu.

Injini haikutusumbua. Tulisimamisha nguzo tatu za mkaratusi mbele ya lori, tukatundika cheni bloku ya kuinulia, Valentino akaiingiza pole pole mpaka ikakaa kwenye maunting zake, pale inapofungwa. Nilifurahi nikaanza kuimba tenzi. Ugomvi ulianza kwenye pleti ya klachi.

Pleti ya klachi ni sahani ya chuma inayokaa kati ya injini na giaboksi, na ina sura mbili. Upande mmoja kitovu chake kimetokeza, upande wa pili ni bapa. Valentino alishusha giaboksi ili aiweke, akaishika, kitovu kikiangalia nyuma, kwenye giaboksi. Nikasema hapo hapo, "Sesilia, mwambie anaiweka kinyume. Baba yako alikuwa anaweka kitovu mbele, kwenye injini. Nilikuwa namshikia tochi mimi."

Valentino aliiangalia ile pleti kwa muda. Akaifuta kwa kitambaa upande huu, akaifuta upande ule.

"Mwambie mama, sawa," akasema, akaigeuza.

Jioni ile injini iliwaka. Moshi ulijaa uani, kuku wakaruka ukuta, mimi nikalia machozi kabisa. Valentino akakanyaga klachi, akajaribu kuchomeka gia. Giaboksi ikapiga kelele ya kutafuna mawe. Akajaribu tena, ikatafuna tena. Akazima, akachomeka gia injini ikiwa imezimwa, ikaingia vizuri. Alipowasha, lori zima likaruka mbele na kuvunja mlango wa banda la mbuzi. Klachi ilikuwa haiachii.

"Mwambie ni ile fimbo ya klachi," nikasema. "Airefushe."

"Sawa."

Akairefusha. Haikusaidia.

"Basi ni presha pleti, ile inayoibana pleti ya klachi. Springi zimechoka. Ashushe giaboksi tena aweke ile ya zamani."

"Sawa."

Kushusha giaboksi si kazi ya kusema tu. Unaondoa kwanza shafti zinazokwenda kwenye tairi za mbele na za nyuma, unaweka jeki chini, unafungua bolti ambazo nyingine huzioni, unazipapasa tu kwa vidole. Mvua ilikuwa imenyesha, jeki ikawa inazama kwenye udongo, tukaikalisha juu ya mbao, mbao zikapasuka. Valentino alilipokea lile dude kifuani. Nilimsikia akiguna. Akaweka presha pleti ya zamani, akapandisha, akafunga, akawasha. Likatafuna mawe vile vile.

"Basi ni shafti ya giaboksi yenyewe," nikasema. "Imepinda."

"Sawa," akasema yule mtu.

Jamani, kuna neno linaloudhi kama hilo? Ningemwelewa fundi anayebisha. Ningemwelewa hata fundi anayetukana. Huyu kila nikisema jambo anasema sawa, analifanya, halifanyi kazi, ananyamaza. Usiku nalala nikiona mitungi ya gesi. Asubuhi naamka naenda kuligusa lori kama bado liko zima. Akashusha kwa mara ya tatu, akaipima shafti, ikawa imenyooka kabisa, na hapo ndipo nilipotupa kitambaa changu kwenye oili. Ilikuwa Ijumaa, jua limeshapita katikati.

"Mwambie," nikamwambia Sesilia, "kama kazi hii imemshinda aseme, tukatafute fundi mwingine."

Sesilia hakuinama. Alishuka kwenye bampa, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mama, mimi nimechoka kuwa mdomo wa watu wawili wenye midomo," akasema. "Pleti imewekwa kinyume. Valentino alijua tangu siku uliyomwambia aigeuze. Kitovu kinagonga bolti za fulaiwili, lile gurudumu la nyuma ya injini, ndiyo maana klachi haiachii. Aliniambia usiku ule ule."

"Alijua?"

"Alijua."

"Na wewe ulijua, ukakaa kimya?"

"Alinikataza. Alisema mama ataona mwenyewe, ataagiza igeuzwe."

"Sasa yeye kwa nini hakusema?"

"Angesemaje, mama? Mama mkwe amesema kitovu kinakaa mbele. Mkwe aseme hapana, umekosea? Kwa mdomo upi?"

Sijui kama nimewahi kuwa na hasira namna ile. Mtu alikuwa radhi kupondwa kifua na giaboksi kuliko kuniambia neno moja. Lori la Fanueli lilikuwa linakwenda kukatwa vipande kwa sababu ya adabu! Na juu ya yote, kukumbuka nilikumbuka vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba siku zile za tochi nilikuwa nimekaa upande wa mbele na Fanueli upande wa nyuma, na mbele yangu ilikuwa nyuma yake. Hilo nalo liliniuma.

"Valentino!" nikapiga kelele. "Wewe Valentino! Ulijua?"

Sesilia akaziba mdomo. Nilikuwa nimemwita mkwe wangu kwa jina, moja kwa moja, kwa sauti ya kufukuzia ngedere. Miguu chini ya lori ikatulia. Kisha Valentino akatokea upande wa pili, akaweka spana chini taratibu, akaenda kukaa kwenye miti ya miwati nyuma ya shamba la kabichi, ametupa mgongo.

"Umemwaibisha," Sesilia akasema. "Atarudi kwao Gare. Na mimi nitamfuata."

Nilikaa juu ya tairi la akiba nikafikiri. Kumwomba radhi ana kwa ana kungekuwa kumwongezea aibu juu ya aibu. Kumtuma Sesilia sikuweza, alikuwa amegoma. Na Jumamosi ilikuwa kesho. Nikasimama, nikaenda mbele ya lori, nikaweka mikono kiunoni.

"Wewe lori," nikasema kwa sauti ya kufika kwenye miwati. "Kichwa chako kigumu. Hilo najua. Umeshupaa mpaka umetuchelewesha wiki nzima. Sasa sikiliza. Kama kuna mtu ana neno la kukuambia, aje akuambie, na wewe utanyamaza. Lori halina mkwe."

Nikarudi kukaa, nikaangalia mlimani. Nilingoja sana. Nilidhani hatakuja. Kisha nikasikia majani ya kabichi yakikanyagwa.

"Lori," Valentino akasema. Alikuwa amesimama kule nilikosimama mimi, macho kwenye rejeta. "Pleti yako kitovu kinakaa nyuma."

Nikanyamaza.

"Presha pleti yako haina ubaya. Ile mpya. Ya zamani ndiyo mbovu, na sasa nitairudisha ile mpya." Akakohoa. "Shafti yako haijapinda. Haijawahi kupinda."

Sesilia alianza kucheka, akajizuia.

"Na jambo lingine, lori," akaendelea, na sauti ikapanda kidogo, nikajua sasa anaionja raha ya kusema. "Wewe unapenda kuamrisha. Fundi hajashika spana, umeshasema. Hajafungua bolti, umeshajua. Unadhani kwa kuwa ulikaa miaka mingi karibu na mtu anayejua, na wewe unajua. Kukaa karibu na kujua siyo kujua."

Hilo lilinichoma. Nililisikia kabisa likiingia. Nilifungua mdomo, Sesilia akanitazama, nikaufunga. Lori lilikuwa na hasira, lakini lilinyamaza.

Alifanya kazi mpaka jua likaanza kuzama, nami nikampa vifaa kupitia kwa Sesilia bila kuongeza hata neno. Giaboksi ikapanda, ikateleza mahali pake bila kugomba. Akawasha. Akakanyaga klachi. Gia ikaingia kimya kabisa. Ila muda ulikuwa umekwisha: kifuniko cha injini ndani ya kabini kilikuwa bado hakijarudishwa, na hendibreki, iliyofunguliwa pamoja na giaboksi, ilikuwa bado iko kwenye ndoo, vipande vipande.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya miti. Yohane alifika na fimbo yake na nusu ya ukoo, na nyuma yao pikapu ya mnunuzi wa chuma, mitungi imelala nyuma. Salamu zikaenda, shikamoo zikaenda, na zile za asubuhi za Kisambaa chetu, onga mshi, tiwedi. Valentino akapanda kwenye usukani akawasha. Sauti ile! Hata Yohane alirudi hatua moja.

Kisha akainua fimbo. "Anaendesha nani?"

"Fundi," nikasema.

"Fundi ni wa ukoo gani? Tulisema lori ni la Beatha. Kama ni lake, aliendeshe Beatha. Kama linaendeshwa na mtu wa Gare, basi hilo ni lori la Gare, na liko kwenye ardhi yetu."

Watu wakaguna, wengine wakakubali. Yohane alijua anachofanya. Mimi kuendesha kwangu kote kulikuwa kulitoa lori juani kulipeleka kivulini. Lakini ningesema nini? Nikasema, "Shuka." Valentino akashuka upande mmoja, mimi nikapandia upande wa pili tusikutane.

"Mama," Sesilia akaniambia dirishani, "anasema hendibreki hakuna."

"Najua."

Nikachomeka gia ya kwanza, nikaachia klachi, lori likaondoka. Nilipita uani, nikapita kwa Yohane, nikashika barabara ya kanisani. Joto la injini lilinichoma mguu wa kushoto, lakini nilikuwa juu tena, natazama watu wakipisha. Niliwapigia honi. Ilinipasa nisiwapigie, maana nilikuwa bado kwenye honi nilipofika kona ile mbaya chini ya kanisa, ambako barabara inasimama kama ngazi na udongo ni mwekundu mtupu. Nikakata usukani nimechelewa. Lori likatetemeka, likazima.

Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Likasimama. Na hapo nikaelewa shida yangu: mguu mmoja uko kwenye breki, mmoja kwenye klachi, na nilihitaji wa tatu wa kukanyaga moto, yaani mafuta. Nikijaribu kuinua wa breki, lori linaanza kurudi, na nyuma yangu ni watu, na nyuma ya watu ni bonde.

"Limekufa!" nikamsikia Yohane. "Mmeona wenyewe, limekufa!" Mlango wa pikapu ukafunguka.

Valentino alikuwa amekimbia pembeni ya lori njia nzima. Alisimama upande wa kushoto, macho chini kama kawaida yake. Akageuka kumtafuta Sesilia. Sesilia alikuwa mbali kule chini anazuia watu wasikae nyuma ya tairi. Hapakuwa na mtu wa kubeba neno. Mguu wangu ulikuwa unaanza kufa ganzi.

Mlango wa kushoto ukafunguka. Mkwe wangu akapanda, akakaa kwenye kiti changu, injini ya moto uchi katikati yetu, mbele ya ukoo mzima. Akaniangalia usoni.

"Mama, chomeka ya kwanza." Yeye mwenyewe akavuta kile kijiti kifupi cha gia ya mlima. "Sasa toa miguu."

"Upi?"

"Yote miwili."

"Una wazimu! Tutakwenda bondeni!"

"Hapana."

"Nakwambia litarudi! Fanueli hakuwahi..."

"Hapana, mama!" Alipiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka. "Hapana! Toa miguu!"

Tangu Fanueli afe hakuna mtu aliyewahi kuniambia hapana. Walinipa pole, walinikubalia, walinicheka nikigeuka. Hasira ilinipanda mpaka kooni, ikakosa mahali pa kukaa, ikashuka. Nikatoa miguu yote miwili.

Lori likarudi kiasi cha kiganja, likatulia. Injini iliyozima ilikuwa imelishika.

"Sasa washa. Usiguse klachi, usiguse kitu. Washa tu."

Nikawasha. Lori likajikongoja mbele kwa nguvu ya stata, likitetemeka kila bolti, kidogo, kidogo tena, kisha injini ikashika. "Moto!" akasema. Nikakanyaga moto. Tairi zote zikauma udongo, na tukapanda ile kona tukinguruma mpaka uwanja wa kanisa, nikalisimamisha kwa kuligongesha kwenye kisiki cha mkaratusi.

Yohane alifika anahema, fimbo haina kazi tena. Aliliangalia lori, akaniangalia, akamwangalia Valentino kwenye kabini.

"Lori ni lako," akasema. Halikumtoka vizuri. "Lakini hii ni nini? Mkwe na mama mkwe, kabini moja, mchana kweupe? Mnapigiana makelele? Hili lina faini, Beatha. Ukoo utataka mbuzi."

"Chagua unayemtaka bandani," nikamjibu. "Mlango umevunjika."

Nikageuka kushoto. Valentino alikuwa amerudisha macho yake sakafuni na mkono uko kwenye kitasa, anajiandaa kuteremka na kupotea kwenye watu. Tangu amwoe Sesilia nilimjua kwa kisogo na kwa miguu. Sasa nikamtazama. Ndevu zake zilikuwa na mvi. Kidevuni alikuwa na jeraha bichi la giaboksi, na vidole vyake havikuwa na ngozi. Alikuwa mtu mzima kabisa, amechoka, na mimi ndiye niliyemchosha.

Kuteremka kutoka pale kanisani mpaka nyumbani ni kona ile ile, na hendibreki bado iko kwenye ndoo.

"Usishuke," nikamwambia, mimi mwenyewe, bila mtu katikati. "Sijui kuliteremsha."

Akaninyanyulia macho. Kisha akaufunga mlango, akabaki ndani.